Sahihi ya Kapteni

Sauti ilimpiga mgongoni kabla hajamwona mwenyewe.

"Wewe! Rudi nyuma! Hapana simama kama mti!"

Cleopas Makungu aligeuka akiwa amefura. Ilikuwa Jumatano ya pili ya Septemba mwaka 1968, siku ya majaribio ya timu ya mpira ya Chuo cha Ufundi cha Saltmeadow. Uwanja wa chuo ulikuwa pembeni mwa Kingstanding, mahali ambapo upepo haukumheshimu mtu. Tangu afike Birmingham, hakuna aliyewahi kumfokea kwa Kiswahili uwanjani isipokuwa Alfayo, winga wao wa kushoto, na Alfayo alikuwa rafiki yake, mtu wa Kisii, tena mwenye mzaha. Huyu aliyemfokea leo alikuwa golini. Alikuwa kijana Singasinga, mrefu, nywele zake amezifunga utosini kwa kitambaa cheusi, na bangili ya chuma iking'aa kwenye mkono wa kulia.

"Unasema na nani?" Cleopas aliuliza.

"Nasema na wewe. Mpira nakuja, wewe nasimama. Mimi iko kipa, mimi naona yote."

"Jamani!" Alfayo alipiga kelele kutoka upande wa pili, akicheka. "Kumbe Nakuru nzima imehamia huku!"

Alibahatisha, lakini kweli kijana yule alikuwa wa Nakuru. Aliitwa Jagjit Singh. Alikuwa amefika Uingereza mwezi wa Februari pamoja na mama yake na dada yake, siku chache kabla serikali ya huku haijawafungia mlango watu kama wao, Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza. Sasa walikaa kwa mjomba wao Handsworth, watu tisa katika nyumba ya vyumba vitatu. Jagjit alikuja kusomea umeme, na alidaka mpira kama mtu anayetungua maembe yaliyoiva.

Cleopas hakucheka. Baba yake alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha mbao cha Singasinga mmoja mjini Kisumu. Aliingia kijana, akatoka na mvi, na katika miaka yote hiyo hakuitwa jina lake. Aliitwa boi. Boi, lete msumeno. Boi, hapana lala. Siku za likizo Cleopas alikuwa akiketi juu ya lundo la maranda akimsubiri, na aliyasikia yote hayo, na alimwona baba yake akiitika kwa sauti ndogo ambayo nyumbani hakuwa nayo. Na sasa, maili elfu nne kutoka kwenye kiwanda kile, katika uwanja ambao yeye ndiye aliyetarajiwa kuwa kapteni, sauti ile ile imemfuata, na inamwambia arudi nyuma.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alipaswa kurudi nyuma kweli. Alikuwa amesimama vibaya.

Bwana Hadley, mwalimu wa uchoraji wa mitambo aliyesimamia timu, alimchagua Jagjit bila kufikiri mara mbili. Wachezaji nao wakamchagua Cleopas kuwa kapteni, kwa kunyoosha mikono, katika chumba cha kubadilishia nguo kilichonuka dawa ya kuchulia misuli. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo pale chuoni. Katika ukumbi wa chini kulikuwa na picha za makapteni waliowahi kuleta kikombe tangu vita viishe. Picha zenyewe zilikuwa nne tu, za vijana wanne wa Kizungu waliokunja mikono kifuani. Baada ya ile ya nne ukuta ulikuwa mtupu. Cleopas alipita pale kila asubuhi. Hakumwambia mtu, lakini alikwisha kuiona picha ya tano, na alikwisha kuiona nakala yake ikifika kwa posta nyumbani, baba yake akiifungua kwa kisu, polepole, asiichane bahasha.

Msimu ukaanza. Ligi ya Vyuo ya Jumatano ilikuwa na timu kumi na mbili, na miaka ya karibuni Saltmeadow ilikuwa ikimaliza ya tisa au ya kumi. Mwaka huo mambo yaligeuka. Oktoba walishinda mechi nne mfululizo. Novemba walifungwa mabao mawili tu. Kabla ya kila mechi Jagjit alimnyooshea Alfayo mkono, naye Alfayo akaizungushia bangili bendeji mpaka chuma chote kikafichika. Dini yake ilimkataza kuivua, na yeye hakutaka kuivua. Marefa waliibonyeza kwa kidole, wakaona ni laini, wakaendelea na kazi yao. Kuhusu kitambaa cha kichwani hakuna aliyesema neno, ila watazamaji, na wao walisema mengi.

Lakini Jagjit hakunyamaza hata dakika moja. "Toka! Ingia! Piga! Wewe, Makungu, iko usingizi?" Kiswahili kile kiliwasaidia, maana wapinzani hawakujua lipi linakuja. Hata vijana wa Kiingereza katika timu waliyajua maneno manne matano, na beki wao Trevor aliyatamka kwa lafudhi ya Birmingham mpaka Alfayo akashika mbavu. Cleopas peke yake ndiye aliyeyasikia kwa masikio mawili. Sikio moja lilisikia kipa anayepanga ulinzi wake. La pili lilisikia kiwanda cha mbao.

"Mbona humwambii?" Alfayo alimuuliza siku moja.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba inakuuma."

"Anajua."

"Wapi! Huyo hajui. Huyo akimwomba mama yake chumvi kwa Kiswahili atamwambia wewe, lete chumvi."

"Anajua," Cleopas alisema tena.

Mechi ya mwisho kabla ya Krismasi ilichezwa kwenye tope. Wakiwa wanaongoza mabao mawili kwa moja, Cleopas alitaka kuuondosha mpira, ukamteleza mguuni, ukamfikia adui, ukaingia wavuni. Jagjit alitoka golini mbio. Alikuja mpaka mbele yake, akamgonga paji la uso kwa kidole kilichojaa tope, mara mbili.

"Hapa ndani iko nini? Maji?"

Timu nzima ikacheka. Walicheka kwa uchovu na baridi, hata Alfayo, na baadaye kidogo Alfayo mwenyewe alifunga bao la tatu wakashinda. Lakini Cleopas alicheza dakika zile za mwisho bila kuona mpira. Alama mbili za tope zilimkaukia pajini. Hakuzifuta. Alitaka kuzikumbuka.

Ndani ya basi la kurudi, Jagjit alifungua mkebe wa chapati za viazi alizopewa na mama yake, akamsukumia Cleopas. "Kula," alisema.

Cleopas alitazama dirishani. Alfayo ndiye aliyekula sehemu yake.

*

Barua ya ligi ilikuja Januari, Jumatatu ya kwanza baada ya likizo. Bwana Hadley alikuwa na rundo la michoro ya kusahihisha, na hakuinua hata kichwa.

"Kanuni mpya, Makungu. Kila kapteni atie sahihi kwa niaba ya wachezaji wake. Ni mambo ya kawaida tu. Weka hapo chini."

Cleopas aliisoma akiwa amesimama. Mistari mitatu ya kwanza ilihusu viatu na njumu, na kufika kwa wakati. Mstari wa nne ulisema kwamba mchezaji hataingia uwanjani na kitu chochote cha chuma mwilini, kiwe kimefunikwa au hakikufunikwa, wala na kitambaa cha aina yoyote kichwani.

Akaisoma tena. Alijua mstari ule umeandikwa kwa ajili ya nani. Katika ligi nzima Singasinga alikuwa mmoja. Angeweza kusema, Mwalimu, hii itamtoa kipa wetu. Angeweza kuomba siku mbili za kuwauliza wenzake. Maneno yalikuwa yamefika ulimini kabisa. Halafu akahisi paji la uso wake likiwasha, mahali pale pale, kana kwamba tope lilikuwa bado.

Akachukua kalamu ya mwalimu, akatia sahihi. Aliandika jina lake lote kwa herufi za kusomeka, kama alivyofundishwa na baba yake.

Alipotoka nje alijisikia mwepesi. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye alishindwa kujisamehe, kwamba siku ile alishuka ngazi akipiga mluzi.

Wiki zikapita na hakuna kilichotokea. Marefa waliendelea kuibonyeza bendeji. Cleopas alianza kujiambia kwamba barua ile imelala kwenye kabati la mtu, na kwamba itaoza humo. Machi walishika nafasi ya pili katika ligi, nyuma ya Chuo cha Ualimu cha Harrowfield, na ratiba ikaangukia hivi: mechi ya mwisho ya msimu, Jumatano ya tatu ya Aprili, Saltmeadow dhidi ya Harrowfield, nyumbani. Atakayeshinda atachukua kikombe. Sare ingewatosha Harrowfield.

Siku mbili kabla ya mechi hiyo, Bwana Hadley aliwaita watu watatu ofisini: Cleopas, Jagjit, na Alfayo aliyekuwa katibu wa wachezaji.

"Harrowfield wamepeleka malalamiko," alisema, akisugua miwani yake. "Wanataka kanuni ifuatwe. Singh, utalazimika kuivua hiyo bangili. Na hicho kitambaa. Kwa dakika tisini tu."

"Siwezi, bwana," Jagjit alijibu. Kiingereza chake kilikuwa cha shule, kimenyooka, hakifanani kabisa na Kiswahili chake. "Hakuna aliyeniambia habari za kanuni hiyo."

"Kapteni wako aliitilia sahihi Januari. Nilidhani amewaeleza." Bwana Hadley aliivaa miwani, akasoma kutoka kwenye karatasi. "Na ligi wanasema hapa kwamba hakuna anayeweza kudai kuna ubaguzi, kwa sababu kapteni wa Saltmeadow mwenyewe ni mtu wa makoloni, tena mwananchi mwenzake na mchezaji anayehusika, na amekubali bila pingamizi."

Cleopas alisikia maneno yale, mwananchi mwenzake, yakimwingia kama maji ya barafu. Kumbe walikuwa wameishika sahihi yake muda wote huo kama mtu anavyoshika ngao.

Alfayo alimtazama, akamwambia haraka kwa Kiswahili, "Hukusoma. Sema hukusoma. Nani husoma makaratasi yale?"

Njia ilikuwa wazi. Hata Jagjit alikuwa amegeuka, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama ombi.

"Nilisoma," Cleopas alisema. "Mara mbili."

Jagjit hakupiga kelele. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alisema polepole. "Kule Nairobi, ofisi ya uhamiaji, bwana mkubwa natoa karatasi. Nasema, wewe hapana mtu ya hapa. London, uwanja ya ndege, bwana mkubwa nyingine natoa karatasi. Nasema, wewe hapana mtu ya hapa pia, lakini haya, ingia. Sasa wewe." Akaionyesha karatasi iliyokuwa mkononi mwa mwalimu. "Wewe pia iko karatasi."

Akatoka. Mlango aliufunga taratibu, na hilo liliuma kuliko kama angeubamiza.

"Makungu," Alfayo alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha hata chembe, "umetuuza. Sote. Na hata hukulipwa."

*

Jumanne asubuhi Cleopas aliandika barua ya kuifuta sahihi yake, akaipeleka mwenyewe kwa katibu wa ligi, mzee mmoja mnene aliyekuwa na ofisi yake juu ya duka la viatu. Katibu aliisoma, akaikunja, akamrudishia. Kamati hukutana Jumanne ya mwisho ya mwezi, alisema. Kabla ya hapo kanuni ni kanuni.

Alasiri akapanda basi la Soho Road. Alishuka Handsworth, akapita maduka ya viungo na ya vitambaa, akaipata nyumba ya mjomba wa Jagjit. Msichana wa umri wake alifungua mlango. Alikuwa amevaa sare ya wanafunzi wa uuguzi, na mkononi ameshika mwiko.

"Wewe ndiye Makungu," alisema kwa Kiswahili safi, kama mtu aliyezaliwa nacho.

Cleopas alishtuka. "Ndimi. Namtafuta Jagjit."

"Yuko juu. Hataki kushuka. Mimi dada yake, Charanjit." Hakumwambia aingie. "Unashangaa nini? Mimi nilisoma shule moja na kina Wanjiku na Chebet, nikalala nao bweni moja. Yeye alisoma shule ya Wahindi watupu. Kiswahili chake alikipata uani, kwa kumsikiliza baba akiwapigia kelele mafundi. Kingine hana. Ulimwambia mara ngapi kwamba kinakudhalilisha?"

Cleopas aliutazama mwiko.

"Nimekuuliza. Miezi saba mmecheza pamoja. Mara ngapi?"

"Sikumwambia."

"Hata mara moja?"

"Dada, baba yangu aliitwa boi miaka ishirini na miwili." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Na wenye kumwita hivyo walikuwa watu wenu. Nianze mimi kumfundisha ndugu yako adabu? Kwa nini niwe mimi?"

Alidhani msichana atakasirika. Kweli alikasirika, lakini hakurudi nyuma wala hakukana.

"Hasira yako ni ya haki," alisema. "Ungekuja hapa mlangoni ukamtukana, ningekusaidia. Baba yangu alikuwa na mdomo mbaya, Mungu amrehemu, na mimi namjua kuliko wewe. Lakini kwa nini uliichukua hasira yako ukaenda kuwapa Wazungu, wakumalizie? Walikufanyia nini cha wema, hata ukawapa kazi hiyo?"

Kutoka ndani sauti ya mama iliuliza kwa Kipanjabi, kisha kwa Kiswahili, "Nani huko? Aingie, chai iko!"

"Haingii, Mama," Charanjit alijibu. Akamtazama Cleopas mara ya mwisho. "Kesho atakuja uwanjani. Nimemwambia asije, amekataa. Atakuja na bangili yake."

Cleopas alirudi kwa miguu njia nzima hadi Newtown, alikopanga chumba. Alikuwa na hasira na msichana yule, na hasira na Harrowfield, na hasira na katibu mnene na duka lake la viatu. Lakini kila alipoishika moja aitazame vizuri, chini yake aliikuta sahihi yake, yenye herufi za kusomeka.

*

Jumatano mvua nyepesi ilinyesha tangu asubuhi. Kikombe kilikuwa juu ya meza ndogo kando ya uwanja, kimefunikwa taulo. Jagjit alikuja amevaa jezi yake ya kijani, kitambaa kichwani, bangili wazi. Safari hii hakumnyooshea mtu mkono afungwe bendeji.

"Hapana," alisema refa, mtu mfupi mwenye shingo nyekundu. "Uvue au utoke."

"Sahihi ile ni yangu peke yangu," Cleopas alimwambia. "Sikuwauliza wenzangu. Ilikuwa makosa. Naiondoa hapa, mbele yako."

"Kaiondoe kwenye kamati, kijana. Mna kipa mwingine?"

Hawakuwa naye. Cleopas aliwageukia wenzake. "Nitakaa golini mimi. Colin ataingia nafasi yangu. Na kuanzia sasa kapteni ni Alfayo. Mtu aliyefanya nilichofanya hawezi kuwaongoza."

Hakuna aliyepinga. Alitamani japo mmoja apinge.

Alijipanga kati ya milingoti miwili, na goli likaonekana pana kama mto. Dakika ya tisa mpira mrefu ulikuja, naye akasimama akiutazama, hajui atoke au abaki. Ulimpita juu. Bao. Watazamaji wa Harrowfield wakapiga makofi na kutoa milio ya nyani. Cleopas aliinama kuokota mpira wavuni, na alipoinua kichwa alimwona Jagjit amesimama nyuma ya wavu, nje ya mstari, maji yakimtiririka ndevuni.

"Mimi hapana kuja kwa ajili ya wewe," Jagjit alisema. "Mimi nacheza hapa msimu mzima. Hii goli iko yangu. Mimi hapana taka kuona mtu naichezea."

"Nisaidie, basi."

"Nyamaza. Tazama mbele. Hatua mbili, toka. Wewe! Hatua mbili, si moja!"

Cleopas akatoka hatua mbili.

Hivyo ndivyo walivyocheza. "Kushoto! Sasa! Lala! Ngumi, hapana shika, ngumi!" Kila amri ilimkwaruza, na kila amri aliitii, na mara ya tano au ya sita aligundua kwamba sikio lile la pili limeanza kusikia kitu kingine: mtu anayeogopa. Jagjit alikuwa akimtetemekea kila mpira. Dakika chache kabla ya mapumziko Alfayo aliwachenga mabeki wawili akasawazisha. Kipindi cha pili Cleopas alipangua mipira mitatu ambayo peke yake asingeiona. Harrowfield wakaanza kuchoka. Trevor alipiga kichwa kikagonga mwamba. Zilibaki dakika ishirini, na uwanja wote ulijua bao la pili litakuwa la nani.

Ndipo mshika kibendera alipomwita refa, na refa akaja mpaka golini.

"Wewe, ondoka hapo. Na hizo kelele za kishenzi zikome."

"Nimesimama nje ya mstari," Jagjit alijibu kwa Kiingereza, kwa upole. "Ninamtia moyo mwenzangu. Wale kule wanawatia moyo wenzao tangu saa nane."

"Wale wanasema lugha ninayoielewa. Nenda nje ya geti kabisa."

"Kwa kanuni gani?" Cleopas aliuliza.

"Yangu."

Cleopas alikuwa ameushika mpira. Aliutazama mkono wa refa, ulionyooshwa kuelekea getini, na hasira ikampanda kutoka miguuni, ile ile ya miezi yote, ya maranda na ya tope, lakini leo ilijua inakokwenda. Akauweka mpira chini kwenye majani.

"Akitoka huyu, na mimi natoka."

"Basi utacheza bila yeye, au mtapoteza mechi. Muulize kapteni wako."

Wote wakamgeukia Alfayo. Alfayo, ambaye tangu Septemba alizungumza habari za kikombe kama mtu anavyozungumza habari za mchumba, alikuja akichechemea, jezi imemganda mwilini.

"Sasa ndiyo mnanikumbuka," alisema. Aliitazama ile meza na lile taulo kwa muda mrefu. "Mama yangu. Na kilikuwa kizuri." Kisha akakaa chini, kwenye tope, katikati ya eneo la hatari, akakunja miguu kama mtu anayengoja chakula. "Refa, kapteni ameamua. Akirudi kipa wetu, tunaendelea. Asiporudi, mimi nimepumzika."

Colin akakaa karibu naye bila kusema neno. Wakakaa wengine wawili, kisha watatu zaidi. Trevor hakukaa. Alilaani, akawaita wendawazimu, akasema amengoja kikombe hiki miaka mitatu, akaenda zake kubadili nguo, na wenzake wawili wakamfuata. Bwana Hadley alisimama kando ya uwanja, mwavuli umefungwa mkononi, kana kwamba amesahau unavyotumika. Refa alitoa saa yake, akawapa dakika tano. Walizikaa zote. Watazamaji walizomea, mtu akarusha bonge la udongo likampata Alfayo begani, na Alfayo akasema asante.

Filimbi ikalia. Mechi wakapewa Harrowfield.

Cleopas na Jagjit walitembea kuelekea kituo cha basi wakiwa na jezi zilizolowa, kila mmoja upande wake wa njia.

"Wewe iko mjinga," Jagjit alisema hatimaye. "Sisi nashinda ile mechi. Dakika ishirini."

"Najua."

"Ile goli ya kwanza iko makosa yako."

"Yangu." Cleopas alisimama. "Jagjit, ngoja. Baba yangu alikuwa fundi seremala kwenye kiwanda cha mtu wenu, huko Kisumu. Hakuna aliyemwita jina. Ukiniambia wewe, lete, wewe, rudi, nasikia anavyoitwa yeye. Nilipaswa kukwambia Septemba, nikutazame usoni, tukosane hapo hapo. Badala yake nikaenda kutia sahihi."

Jagjit alimtazama, maji yakimdondoka puani. Hakuonekana mtu aliyesamehe, wala hakuonekana mtu aliyeelewa yote.

"Baba yako," aliuliza, "jina yake nani?"

"Zakayo. Zakayo Makungu."

"Mzee Zakayo," Jagjit alirudia, kwa uangalifu. Kisha uso wake ukakunjamana tena. "Mimi bado iko hasira na wewe. Hasira mbaya."

"Kaa nayo. Jumanne ya mwisho wa mwezi kamati inakutana, juu ya lile duka la viatu. Naenda kusimama mbele yao niseme nilichofanya, na kwa nini, na kanuni ile waliiandika kwa ajili ya nani."

"Wao nakataa."

"Wakikataa nitarudi mwezi ujao. Msimu mwingine unaanza Septemba."

Basi lilitokea kwenye kona, taa zake zikiwa zimewaka mchana. Jagjit alinyoosha mkono kulisimamisha.

"Hiyo Jumanne," alisema bila kugeuka, "saa ngapi?"